Msichana Shujaa Hutumwa

Mwandishi anayetaka kumpeleka msichana wa miaka kumi katika nchi ya maajabu ana kazi ngumu kabla hajafika kwenye joka na mchawi. Lazima amtoe nyumbani. Akiharibu hapo, hata joka lenye vichwa saba halitaaminika. Na waandishi wetu wengi wa riwaya za watoto, nionavyo mimi, hukwama papo hapo mlangoni bila kujua kwamba wamekwama.

Wenzetu wa Ulaya wana mbinu zao. Iliyo rahisi ni kuwaua wazazi ukurasa wa kwanza. Yatima hana wa kumuuliza atarudi saa ngapi, kwa hiyo yuko huru kudandia merikebu na kufungua kila kabati lililokatazwa. Nyingine ni shimo. Alice wa Lewis Carroll, mwaka 1865, alimfuata sungura akaporomoka, na dada yake aliyekaa kando akisoma hata hakushtuka. Kisa hicho kiliingia katika Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akakifasiri upya. Ni kisa kizuri, sina ugomvi nacho. Ila kimejengwa juu ya dunia ambayo mtoto anaweza kutoweka mchana mzima pasiwe na mtu wa kuuliza.

Jaribu hayo Amu, yaani mji wa Lamu. Mtoe msichana kwao Mkomani baada ya alasiri, umwambie aelekee mtaa wa Langoni peke yake kwa Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Hajapita nyumba ya tatu, kuna mzee amekaa kwenye daka lake, kile kibaraza cha mlangoni: "Wewe mwana wa nani? Watumwa wapi?" Akijibu vizuri ataambiwa awasalimie wazazi wake. Akibabaika, habari itafika kwao kabla yeye hajafika sokoni. Wala uyatima hausaidii. Yatima wa Amu ana shangazi, ana khalati, ana bibi mzaa mama na bibi mzaa baba wanaogombania nani amlee, ana mwalimu wa chuo cha Kurani, ana jirani aliyemnyonyesha. Ukiwaua baba na mama umeongeza walinzi.

Ndiyo maana riwaya nyingi zinazojaribu kuiga ule mtindo wa yatima huwa na mji usio na watu. Msichana anatembea katika mitaa ambayo mwandishi ameifagia wazee, wapika mahamri na watoto wenzake, ili apate nafasi ya kukutana na ajabu. Mji wa namna hiyo huku haupo.

Lakini yule mzee wa kwenye daka ametupa ufunguo. Hakudhani kwamba mtoto ana safari yake mwenyewe. Amechukulia tu kwamba katumwa, na jibu lolote linaloanza na "nimetumwa" humfungulia mtoto njia. Mtoto wa kike wa pwani hutumwa tangu anapoweza kushika kikapu. Hutumwa chumvi na ndimu. Hutumwa kurudisha nguo ya fundi, kudai deni kwa upole ambao mtu mzima hauwezi, kupeleka sahani ya futari iliyofunikwa kawa kwa jirani. Hutumwa maneno ya mdomo ambayo mama hataki kuyasema kwenye simu. Ulimwengu wake wa nje ya nyumba ni ulimwengu wa kutumwa, na kila njia aijuayo aliijua akiwa amebeba kitu cha mtu. Shujaa wetu wa riwaya ya maajabu, basi, aanzie hapo. Hana haja ya kutoroka. Apewe kitu akipeleke, na kati ya mlango na mlango dunia impindukie.

Nasema hivi nikiwa na ushahidi wa zamani. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa kwa mkono wa Muhamadi Kijumwa wa Amu mwaka 1913, shujaa amefungwa Pate na askari wamelinda mlango. Kila siku kijakazi wa mama yake, Saada, huja na chakula, na kila siku askari humpokonya wakakila wao. Liyongo anatunga maneno na kumpa Saada ayabebe kichwani: kamwambie mama aoke mkate, katikati atie tupa. Mama anaoka mikate mizuri ya kuwashibisha walinzi, na mmoja wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, wenye tupa ndani. Saada anafika mlangoni. Walinzi wanaichukua ile mizuri, wanauona ule wa wishwa, wanaudharau, wanauacha upite. Usiku ngoma inapigwa nje kwa pembe na matuazi, na ndani, chini ya kelele hiyo, tupa inakata chuma.

Hapo mlangoni pana riwaya nzima. Liyongo yuko ndani na mama yuko nyumbani. Anayeweza kukatwa kichwa dakika ile ni Saada. Amebeba chuma ndani ya unga. Uso wake usiseme kitu. Mikate mizuri inapoporwa ni lazima alalamike, maana jana na juzi alilalamika, na leo akinyamaza watashuku. Asilalamike sana pia, wasije wakamhurumia wakamrudishia mmoja na kuanza kupekua kapu. Haya ya mwisho nayaongeza mimi, utendi hauna muda nayo. Una beti zaidi ya 200, na karibu zote ni za yule bwana: urefu wake, nguvu zake, shabaha yake ya mshale, kifo chake cha sindano ya kitovuni. Mtoto wa kike anayesoma kisa hicho shuleni anaambiwa shujaa ni mwanamume aliyevunja pingu. Tupa ilifikaje, hilo huwa swali la alama mbili.

Na tusifunike jambo. Saada alikuwa mtumwa. Hakwenda mlangoni kwa sababu ana moyo wa safari, alikwenda kwa sababu angekataa angeadhibiwa. Zamani za Amu wanawake wa kiungwana walitoka wakiwa ndani ya shiraa, lile hema la kitambaa lililobebwa na wajakazi, na bila shaka wale walioshika miti yake waliujua mji kuliko waliokuwa ndani. Riwaya itakayomsifu mtoto aliyetumwa na kusahau kwamba hata leo kuna nyumba ambamo mtoto wa mtu mwingine hutumwa kuanzia alfajiri mpaka watu walale, itakuwa imeandikwa kutoka juu ya ngazi. Ni sharti swali la nani anamtuma nani, na kwa faida ya nani, liwemo ndani ya kisa chenyewe.

Kwa kweli swali hilo ndilo linalokikoleza. Mtoto anayefikisha alichotumwa ni mtoto mwema, na wema peke yake hausukumi kurasa mia mbili. Riwaya huanza pale msichana anapofunua kawa, au anapoyasikiliza kwa makini yale maneno aliyoyakariri, akagundua kwamba alichobeba kitamdhuru mtu. Bibi kamtuma, na bibi hakosei. Afikishe? Aseme kimepotea? Abadilishe neno moja? Hapo msomaji wa miaka kumi, ambaye hajawahi kushika upanga na hatashika, anajikuta katika hali anayoijua kabisa, maana naye ametumwa jana tu kumwambia mwenye duka kwamba mama hayupo.

Hoja ya upanga sitaki kukaa nayo sana. Kuna mtindo wa kumpa msichana silaha, au kumvisha kanzu ya kaka yake, ili ushujaa wake uonekane. Mimi huona mwandishi amesalimu amri kabla ya vita, kwa kuwa amekubali kwamba mwenye kanzu ndiye mwenye ushujaa na binti ameuazima tu. Tena si stadi. Katika mji ambao buibui huwafanya wanawake kumi wafanane kwa mbali, kujificha kama mvulana ni kujitafutia taabu bure.

Ngano zetu ziliwahi kulijua hili, kwamba ushujaa waweza kutoka jikoni, ila zilimpa mvulana. Edward Steere, katika hadithi za Unguja alizozichapisha mwaka 1870, anacho kisa cha Sultani Majinuni na mwanawe wa mwisho aitwaye Mkaa Jikoni. Jina latosha. Kaka zake wako nje na mambo makubwa, yeye yuko jikoni na watumishi. Wanapolinda mtende wa baba yao mmoja baada ya mmoja, wote wanalala. Mkaa Jikoni anakesha akitafuna mahindi ya kukaanga yaliyochanganyika na mchanga, kila usingizi ukimjia mchanga unamkwaruza meno anaamka. Mbinu hiyo imetoka jikoni. Halafu ndiye anayemwua Nunda mla watu.

Na Nunda alikuwa nani? Paka wa sultani mwenyewe. Alianza na mifugo. Watu wakashtaki, sultani akasema paka ni wangu na mifugo ni yangu. Akaendelea mpaka akala watoto wa watu, na jibu likawa lile lile, mpaka alipowala wana wa sultani ndipo mzee akafumbuka macho. Nakiri kwamba mtu wa Amu, mji ambao paka hupita sebuleni kama mashemeji, hukisoma kisa hiki kwa hisia zake. Lakini kama somo la uandishi, tazama adui alivyotengenezwa. Hakutoka mlima wa giza wala nchi ya mbali. Amelelewa uani, akinenepa kwa idhini ya mwenye nyumba. Riwaya za maajabu zinazoandikwa sasa kwa Kiswahili zina wafalme wengi wa giza wenye majina ya kutisha, na sioni hata mmoja anayenitisha nusu ya paka yule.

Kisha mama. Kijana akiua mnyama huja mbio akiimba kwamba amemwua nunda, na mama humjibu: mwanangu, siye, siye nunda mla watu. Anarudi porini. Analeta mkubwa zaidi. Siye. Ni mama anayeogopa, anamsihi aache, lakini hadanganyi kumfurahisha. Riwaya za watoto zimejaa mama za kulia na mama za kufa. Mama anayejua nunda anafananaje, na anayekataa kumpa mwanawe sifa asiyoistahili, ni hazina iliyoachwa kwenye ngano. Hebu binti ndiye awe Mkaa Jikoni, na sauti ile ya "siye" imfuate sura baada ya sura.

Sasa mahali. Fantasia hudai kanuni: mlango wa ajabu usifunguke tu kwa sababu mwandishi amechoka. Waandishi wengine huhangaika kubuni miezi mitatu na nyota zinazolingana. Visiwa hivi vina saa tayari. Mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, kwa miaka mingi ulipitika vizuri maji yakijaa. Yakipwa chombo kilikaa kwenye tope baina ya mikoko na abiria wakaangaliana. Takwa, mji uliohamwa huko Manda, nao wakiufuata kwa chombo hupangia maji, maana kijito kinachofika huko hukauka. Kuna msikiti wake wenye nguzo juu ya kibla, kuna kaburi la mnara nje ya ukuta, na watu wake inasemekana ndio waliovuka wakakaa Shela. Mji unaofikika maji yakitaka, nani atabuni mlango bora? Msichana aliyetumwa Takwa akichelewa kidogo, maji hayamsubiri. Amelala huko. Msomaji wa Amu hahitaji kuelezwa hatari hiyo, anaihesabu kwa vidole, anajua bamvua ni lini.

Ndani ya mji nako kuna njia ambayo wageni huipiga picha bila kuielewa. Wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro kutoka nyumba hadi nyumba, kiliwawezesha wanawake kutembeleana pasipo kukanyaga barabara. Wanaume wanapita chini na salamu zao. Juu ya vichwa vyao mambo yanakwenda. Hiyo ni ramani ya pili ya mji, na mwenye kuijua ni binti. Akiwa mdogo anapita zote mbili, chini na kikapu na juu na bibi zake, na kuna umri ambapo ya chini itafungwa. Riwaya ya msichana wa miaka kumi Amu ni riwaya ya mwaka wa mwisho wa kuzishika ramani zote mbili. Sijui kitisho gani cha kubuni kingeisukuma hadithi kwa kasi kuliko hicho.

Juu ya majini, nina la kusema haraka. Mwandishi akiwatia kama mapambo, kama wenzake wanavyotia mbilikimo, atagombana na wasomaji wake, na wasomaji ndio watakaokuwa na haki. Huku jini ni jambo la itikadi. Sura ya 72 ya Kurani imeitwa kwa jina lao. Bibi humwaga maji ya moto usiku kwa bismillahi asije akamuunguza asiyemwona. Anayetaka ajabu na aichukue adabu hiyo pamoja nayo. Binti mwenye haraka aliyemwaga maji bila kutaja jina la Mungu amevunja kanuni ambayo kila mtoto anaijua, na mwandishi hakulazimika kuieleza hata kwa mstari mmoja. Wazazi wanaokiogopa kitabu cha maajabu kwa sababu ya dini wangekisoma hiki wakitikisa kichwa kwa kukubali.

Vitu vya kubeba navyo havikosekani. Katika makumbusho ya Lamu kuna siwa, yaani baragumu kubwa, ya pembe ya ndovu ya Pate na siwa ya shaba ya Amu, zilizopigwa katika sherehe za wenye enzi. Historia ya Pate inamtaja Mwana Darini, aliyenyimwa siwa ya kifalme kwa sherehe ya nyumbani kwake, akamwita fundi amchongee yake kwa siri. Hakulia wala kupigana, akatengenezesha. Fikiria fundi amejifungia anachonga pembe, na chakula chake lazima kipelekwe na mtu ambaye hakuna atakayemtilia maanani akipita na kapu. Mwandishi akikosa kisa hapo, basi aache kazi.

Kwa nini basi vitabu hivyo havijai rafuni? Wengi watataja bei ya karatasi na uchache wa wanunuzi, na ni kweli. Mimi nataja jambo lingine: kitabu cha mtoto cha Kiswahili huandikwa kwa macho ya mwalimu. Soko ni shule, na shule inataka funzo lionekane. Kwa hiyo msichana anapewa ushujaa sura tisa, na sura ya kumi anageuka mhubiri wa usafi wa mazingira au umuhimu wa elimu. Hana ila hata moja. Hasemi uongo, haibi kipande cha halua, hamwonei wivu binamu yake. Mtoto anayesoma anajua huyo si mtoto. Mwisho wa harusi nao haujafa: binti wa miaka kumi na miwili ameua zimwi, na kitabu kinaona haya kumwacha bila kumtajia mchumba wa baadaye.

Wapo watakaosema wosia ndio jadi yetu, na watamshuhudisha Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake utendi wa kumfunza mwaka 1858. Sawa. Lakini Mwana Kupona alikuwa mgonjwa, alikuwa mama, na aliita wosia wake wosia. Alimwambia binti alete wino na karatasi, akae kitako, asikilize. Hakumdanganya kwamba wanakwenda safari. Wanaoficha wosia ndani ya hadithi ya joka wanaharibu vyote viwili, na watoto, ambao wamezoea kuwasikiliza bibi zao wakitenga saa ya kuaswa na saa ya paukwa, pakawa, wanaichungulia hila hiyo kutoka mbali.

Tena huo utangulizi wa pakawa, tuliouimba bila kuufikiri: kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta, na vilango vya kupitia. Mtoto wa kike mwenye kijino kidogo, ukuta, na vilango. Sidai ni unabii. Nadai tu kwamba hadithi za huku hazijawahi kumwona binti kama kitu cha kuokolewa peke yake.

Likija la lugha, ningependa msimulizi aseme Kiswahili sanifu ambacho mtoto wa Kitui na wa Tanga atakifuata, na watu wa kisa waseme Kiamu chao. Bibi aite "ndoo", asiite "njoo". Wahariri watapinga, watasema mtoto wa bara atachanganyikiwa. Mtoto huyo huyo anafuata majina ya mazimwi kumi na saba ya katuni za Kijapani bila kamusi. Akutane na Kiamu ukurasa wa pili, kufikia wa ishirini atakuwa anamwiga bibi.

Kisha mwandishi anayekubali haya yote bado atabaki na tatizo la kurudi. Yatima wa Ulaya hurudi kwenye kasri, au harudi. Aliyetumwa lazima arudi kwa aliyemtuma, na lazima atoe hesabu: chumvi iko wapi, chenji iko wapi, umekawia nini. Hapo wengi watashawishika kumfanya bibi ajue kila kitu tangu mwanzo, atabasamu kwa siri. Nawaomba wasifanye hivyo. Bibi anayejua yote anaifuta safari nzima, inakuwa mtihani uliotungwa na mtu mzima. Heri bibi awe amekasirika kweli, wali umeungua, wageni wamekaa, na binti asimame mbele yake na kapu tupu akipima ni kiasi gani cha ukweli kinachofaa kusemwa, na kwa nani kwanza.